Neema wa Uani

Kyalo alipofariki, kundi letu la simu lilijaa picha za maua na mishumaa. Watu ambao sikuwa nimewasikia kwa miaka waliibuka mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na sifa yake: alituunganisha, alituona kabla hatujaonwa, kabla ya mitandao hii yote alikuwapo Kyalo. Mjane wake alinipigia simu kutoka Machakos. Ni mwanamke mpole, sina neno naye. Aliniomba niandike maneno machache ya kusomwa kanisani, kwa kuwa mimi ndiye niliyefanya kazi na marehemu tangu mwanzo. Nilimpa pole, nikamwambia nitajaribu. Nilikaa mezani tangu chai ya asubuhi hadi kivuli cha nyumba kikavuka ua, na kila sentensi niliyoanza ilinigomea. Alikuwa mchangamfu. Ni kweli. Alipenda kuwa na watu. Hilo nalo ni kweli, kama vile paka anavyopenda kuwa na panya. Mwishowe niliandika pole za kawaida, zile ambazo mtu yeyote angemwandikia mtu yeyote, nikazituma. Haya mengine nimeyaleta hapa, kwa sababu hayasomeki mbele ya jeneza.

Mwaka ule nilikuwa kijana, mgeni Kampala, na nilikuwa najua jambo moja tu ambalo wengi hawakulijua bado: kutengeneza tovuti. Kyalo, Mkenya mwenzangu, alikuwa na kafe ya intaneti mtaa wa Ntinda, kompyuta zimepangwa ukutani kama vyoo vya shule, kila moja na kibanda chake cha mbao. Kafe ilimlisha, lakini haikumtosha. Alitaka kitu chenye jina. Alipanga chumba mtaa wa Mengo, ghorofani, juu ya duka la misumari na saruji, akakigawa kwa ubao mwembamba: upande wa dirisha ukawa ofisi yake, upande wa mlango ukawa wangu. Kuta zilikuwa za kijani, rangi imevimba na kupasuka kila mahali palipoingia mvua. Vumbi la saruji lilipanda ngazi na kuingia kwenye kibodi, na asubuhi nilikuwa naigeuza kifudifudi na kuipiga makofi mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Kupitia ubao ule nilisikia kila kitu: Kyalo akipiga simu, akicheka, akikohoa, akivua viatu. Uani chini alipika mama mmoja tuliyemwita Nnalongo, kwa kuwa alizaa mapacha, na jina lingine sikuwahi kulisikia. Alipika katogo, ndizi na matumbo ya ng'ombe katika sufuria moja, na harufu ilipofika juu hata Kyalo alinyamaza. "Sabina, njoo kura," aliniita kutoka chini, l na r zikibadilishana viti kama kawaida ya watu wa pale. "Hiyo kompyuta haitakimbia."

Wazo la Kyalo lilikuwa zuri, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Kampala ya wakati ule ilijaa watu wanaozungumza Kiswahili na wasio na pa kukizungumzia: sisi Wakenya, Wakongo wa maduka ya vitenge, wafanyabiashara, na watoto waliokulia katika kambi za jeshi na polisi. Mjini Kiswahili kilikuwa bado na sifa mbaya. Wenyeji walikikumbuka kama lugha ya mtu anayegonga mlango akiwa na bunduki, na ulipokisema sokoni bei ilipanda au mazungumzo yalikatika. Kyalo alitaka mahali ambapo watu hao wangekutana bila kuonana. Kila mtu awe na ukurasa wake wenye picha, mtaa, kazi na maneno machache kumhusu, kisha kuwe na majukwaa ya kujadili siasa, kazi, mapishi na mapenzi. Mahali pa kupiga soga, kama nyuma ya nyumba. Tukapaita Uani. Nilijenga kila ukurasa kwa mikono yangu. Nilichagua hata rangi, udongo mwekundu na kijani cha mgomba, na siku picha ya kwanza ilipopanda bila kukatika nusu nilishuka kwenda kumwita Nnalongo aje aione. Alitazama, akasema, "Sasa huyu mtu yuko wapi?"

Hakuwapo popote. Picha ilikuwa ya binamu yake Kyalo, na Uani ilikuwa tupu. "Hakuna mtu anaingia hoteli haina watu," Kyalo aliniambia. "Tuwekee watu." Basi nikaandika watu. Wajenzi wote wa tovuti za namna ile walifanya hivyo: unabuni wanachama wachache, unawafanya wasalimiane na kubishana, ili mgeni wa kweli akifika akute moto umeshawashwa. Niliandika dereva wa lori wa Busia, mwalimu mlevi, nesi mwenye hasira. Na niliandika Neema, fundi cherehani wa Mengo, anayekodi mashine ya mtu kwa siku, anayeishi peke yake na kupenda mvua ya mabati. Wale wengine niliwaandika haraka haraka. Neema nilimwandika polepole, kwa sababu upweke wake haukuhitaji kubuniwa. Wanachama wa kweli walipoanza kuja nilimwambia Kyalo tuwafute wale wa uongo. "Niachie mimi," akasema. Baada ya siku chache akasema ameshawafuta, nami nikaendelea na kazi.

Afande Opio alikuja Uani mapema, miongoni mwa wale wa kwanza wa kweli. Alikuwa sajini wa polisi, Mwacholi wa kaskazini, amefiwa na mke, anaishi katika nyumba za polisi huko Ntinda, na binti yake mmoja, Lamaro, alikuwa shule ya bweni. Mchana nilikuwa nashinda kafe nikimshikia Kyalo zamu, hivyo nilimjua kwa macho kabla sijajua jina analotumia mtandaoni. Aliingia na sare yake, akavua kofia, akaiweka juu ya kompyuta, akachapa kwa vidole viwili huku midomo ikimfuata. Aliandika Kiswahili cha kambi, kile kisichojali ngeli. Lakini alichoandika kilikuwa na uzito kuliko vya wote. Alieleza namna watoto wa kambini walivyogawana kisima baada ya vita, namna askari wa makabila yasiyosalimiana walivyozikana, namna mkewe alivyopanda maboga kwenye magurudumu ya gari la jeshi lililokufa. Alimjibu kila mgeni. Mtu akiuliza wapi pa kupata kibali au nyumba ya kupanga, jibu lilikuwa la Opio. Na kila alipoandika, waliosoma shule nzuri za Nairobi na Mombasa walimrukia. Walinakili sentensi zake na kuzitundika kama nguo za ndani. Wakampa jina Kamusi. Siku ya kwanza aliwashukuru kwa jina hilo, maana alidhani ni heshima.

"Wewe ndio natengeneza hii Uani?" aliniuliza siku moja kafe, akiwa amesimama kando ya meza yangu.

"Ndiyo, afande."

"Iko mzuri. Lakini hii watu nacheka mimi kwa sababu gani?"

"Wanatania tu."

Alifikiri. "Hapana. Kutania mimi najua. Kwa kambi tulikuwa natania mtu, halafu tunakula na yeye."

Alitoa karatasi mfukoni, akaniomba nimsahihishie alichotaka kuandika siku hiyo. Nilimsahihishia. Ikawa desturi: anakuja, ananipa, narekebisha, ananiachia karanga za kukaanga ndani ya karatasi iliyosokotwa. Alikuwa na namna ya kukaa akisubiri, mikono juu ya magoti, kama mtu aliye mbele ya daktari. Kisha siku moja alikuja bila karatasi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda, akachapa, akatoka akitabasamu. Nilimuuliza kama leo hana cha kusahihisha.

"Neema anasema nisibadilishe," alinijibu. "Anasema hii ndio sauti yangu."

"Neema gani, afande?"

"Neema ya Mengo. Fundi ya nguo." Alivaa kofia. "Yeye napenda mvua ya mabati."

Nilipanda kwenda Mengo siku hiyo hiyo. Sikugonga ubao wala sikumwita Kyalo, kwa sababu nilipofika mlangoni sauti zilikuwa tayari zinatoka ndani. Kyalo alikuwa na rafiki zake wawili, na alikuwa akisoma kwa sauti, akiigiza lafudhi ya Opio, polepole, akisimama mahali pa kuchekwa. "Mimi nalala upande moja ya kitanda. Ile ingine naacha." Mmoja wa rafiki zake alicheka mpaka akakosa pumzi, akaomba maji. Kyalo akasoma tena sehemu ile. Kisha wakashauriana Neema ajibu nini. Walibishana kama wanawake wanaotengeneza nywele: mpe matumaini kidogo, usimpe mengi, mwambie amuulize binti yake kama atakubali mama mpya. Nilisikia vidole vikichapa.

Nilipoingia, Kyalo hakushtuka. Alinivutia kiti. Aliniambia kwamba kuna jukwaa la siri ndani ya Uani, la wanachama aliowachagua mwenyewe, na huko ndiko barua za Kamusi zinakosomwa. "Unajua ni watu wangapi wanafungua kompyuta asubuhi kabla ya chai, waone Kamusi ameandika nini?" alisema. "Hawa ndio wanaleta wengine. Sabina, wewe umejenga nyumba. Mimi nimeleta watu."

"Mwambie ukweli."

"Nitamwambia. Siku ya sherehe ya mwaka, mbele ya kila mtu. Atacheka na sisi. Ni mtu mzima, ni polisi, amezika watu."

"Na asipocheka?"

Aliniangalia kwa upole wa kweli, nadhani, kama kaka. "Na ukumbuke Neema aliandikwa na nani," akasema.

Nimewahi kusoma kwamba watu wakatili ni watu waliokosa kupendwa. Kyalo hakukosa. Alikuwa na mama aliyempigia simu kila Jumapili, alikuwa na mchumba, alikuwa na marafiki ambao wangempa figo. Alimlipia Nnalongo hospitali mtoto wake alipougua, bila kuombwa, wala hakulitaja tena. Ninachoweza kusema ni kwamba Opio hakuwa mtu kwake. Opio alikuwa maneno kwenye kioo, na maneno hayo yalikuwa yanachekesha. Wale wengine nao, makarani, wanafunzi, wake za watu, wazee wa kanisa, hakuna hata mmoja ambaye angemtemea mate afande barabarani. Walikuwa wanapita tu Uani kuangalia.

Sikulazimika kumtafuta Opio. Siku yake ya mapumziko alikuja Mengo mwenyewe, amevaa shati jeupe, akaanza kuzunguka kwa mafundi cherehani, baraza moja hadi nyingine, akiuliza Neema yuko wapi. Mafundi walimjibu kwa adabu na kucheka akishageuka. Nnalongo aliponiita, nilimkuta Opio amekaa kwenye benchi la mama yule uani na sahani ya katogo. Alikuwa amemwambia Nnalongo kuwa yeye ni pacha, jina Opio ni la pacha, na kwa hilo Nnalongo alikuwa amemwongezea nyama. Niliketi karibu naye nikamwambia yote. Nilimwambia Neema hayupo, kwamba nilimbuni mimi ili tovuti isionekane tupu, na sasa anaandikwa na Kyalo, na barua zake zinasomwa na watu. Alisikiliza bila kuacha kula, akitafuna taratibu.

"Yeye aliniambia utakuja kusema hivi," alisema nilipomaliza.

"Nani?"

"Neema. Alisema wewe iko na wivu. Alisema wewe ndio iko na ufunguo ya Uani, unaweza kusoma barua ya kila mtu." Aliweka kijiko. "Umesoma barua yangu?"

"Sijasoma, afande."

"Kama hujasoma, unajua namna gani?"

Lilikuwa swali la polisi, na lilikuwa swali zuri. Nikamwomba apande nami juu nimwonyeshe kwa macho yake. Kyalo hakuwapo. Opio alisimama nyuma yangu, kofia haikuwapo ya kushika, mikono imening'inia, huku modemu ikipiga kelele zake. Nikaandika neno langu la siri. Uani ilinikatalia. Nikaandika tena, polepole, herufi moja moja. Ilinikatalia tena. Kazi ya miezi yote ile, kila ukurasa, kila rangi, na Kyalo alikuwa ameshabadilisha kufuli. Opio alingoja mpaka nikaacha kujaribu. Kisha akaniambia, bila ukali wowote, "Wewe bado kijana. Utapata mtu yako." Akashuka ngazi. Nilimsikia chini akimshukuru Nnalongo kwa chakula.

Aliniombea msamaha hadharani, na hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu yangu. Aliandika kwenye jukwaa la wazi kwamba dada mmoja wa ofisi amejaribu kumtenganisha na mtu wake, lakini wasimchukie, ni utoto. Wakafanya kinyume chake. Walichukua picha yangu kwenye wasifu wangu, ile niliyopiga nikijaribu mitambo, wakaichora masharubu, wakaichora pembe, wakaandika chini yake mambo ambayo hata sasa nikiyakumbuka nikiwa njiani naharakisha hatua. Nilikuwa nayasoma kwenye kompyuta ya kafe nyingine, kama mtu anayelipia kuchapwa. Kyalo aliandika kama mwenye nyumba mwenye busara: ofisi imepokea malalamiko, ofisi inachunguza, tudumishe heshima. Watu wakampongeza kwa uadilifu wake. Mimi nikaacha kwenda kazini, na hakuna aliyekuja kuuliza.

Sherehe ilifanyika Jumapili mchana, Ntinda, kwenye bustani nyuma ya mkahawa mmoja. Sikualikwa. Nilikwenda nikasimama langoni, nikiamini kwamba nikimkinga Opio kwa mwili, hataingia. Ndani nilisikia spika na harufu ya mbuzi. Opio alikuja kwa bodaboda, amevaa suti nyeusi iliyompwaya mabegani, na mapajani alikuwa amepakata kitu kizito kilichofungwa kwa shuka. Aliposhuka shuka iliteleza nikaona gurudumu. Ilikuwa cherehani. Alikuwa amemnunulia Neema cherehani, ili asikodi tena.

"Afande, tafadhali. Usiingie."

"Sabina," alisema, akihema kwa uzito wa mzigo, "leo si siku ya maneno."

Nikamfuata ndani. Hakuna aliyenizuia, wote walikuwa wakimngoja yeye. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa nusu duara, na kila mtu alikuwa na karatasi kifuani yenye jina lake la Uani, ndipo nikawaona kwa mara ya kwanza wale waliokuwa wakinichora pembe: msichana mwenye miwani, baba mwenye mtoto mapajani, wawili walioshikana mikono. Kyalo alikuwa na kipaza sauti. "Kamusi wetu amefika," alisema, na wakapiga makofi. "Neema, mgeni wako huyu." Kutoka jikoni alitokea mmoja wa wale rafiki zake wawili, mnene mwenye ndevu, amevaa gomesi, vazi la kike la Kiganda, la zambarau lenye mabega marefu, akitembea kwa kuyumbisha nyonga. Bustani nzima ililipuka. Opio alisimama katikati na cherehani mikononi. Mwanzo alitabasamu, tabasamu la mgeni ambaye hajaelezwa utani, na macho yake yalipita juu ya bega la yule mwanamume kutafuta mwanamke anayekuja nyuma.

Yule wa gomesi akapiga goti. "Mimi nalala upande moja ya kitanda," akasema. Na wao, makarani na wake za watu na baba mwenye mtoto mapajani, wakaitikia kwa pamoja kama kanisani: "Ile ingine naacha." Walikuwa wameikariri. Akasema nyingine, wakaitikia nyingine. Zilikuwa nyingi. Zilikuwepo za mkewe na za maboga. Tabasamu la Opio halikuondoka mara moja, ila lilibaki usoni pake bila mwenyewe. Kyalo alipoona watu wanafuta machozi aliinua mkono. "Msinipigie makofi mimi," alisema. "Mzazi wa Neema ni Sabina, yule pale. Yeye ndiye aliyemwandika." Watu wakageuka. Nilitaka kusema si kweli, lakini ilikuwa kweli, na maelezo yaliyobaki yalikuwa marefu mno kwa bustani yenye spika.

Opio aliweka cherehani juu ya meza, katikati ya chupa za soda. Akakaa. Mhudumu mmoja ambaye hakujua lolote alimletea sahani ya pilau kama alivyowaletea wengine, naye akaipokea kwa mikono miwili na kuanza kula. Walingoja apige kelele. Walingoja alie, atukane, acheke. Alikula wali wote, akamaliza nyama, akakusanya mifupa pembeni ya sahani. Kicheko kilikuwa kimeanza kuchoka chenyewe, hapa na pale mtu akijaribu kukiwasha tena na kushindwa. Alinawa mikono. Alifunga cherehani katika shuka yake kwa mafundo mawili, akaiinua, na alipopita nilipokuwa alisimama kidogo.

"Maneno ilikuwa mzuri," aliniambia.

Picha za siku ile zilitazamwa kuliko chochote kilichowahi kuwekwa Uani, na wanachama wapya walimiminika kwa majuma. Kyalo alinitumia ujumbe: utani umeisha, rudi kazini. Nilikwenda Mengo kuchukua sweta na vitabu vyangu tu. Nnalongo alikuwa anamenya ndizi, akaniuliza yule pacha yuko wapi, mbona haji. Nilimweleza. Alimenya ndizi kadhaa. "Halafu mlicheka nini?" akauliza, na sikuweza kumfafanulia, ingawa nilijaribu kwa Kiswahili na kwa Kiganda changu kibovu. Nilikwenda pia nyumba za polisi. Jirani aliyekuwa anafua aliniambia Opio ameomba uhamisho, amepelekwa kituo cha mbali kaskazini, ameomba mwenyewe. Alishangaa mtu kuomba kwenda huko wakati wa vita.

Uani nayo ilikufa miaka michache baadaye. Mitandao mikubwa ilifika, watu wakahama, Kyalo akapata biashara nyingine Nairobi, na siku moja ukiandika anwani yake ulipata ukurasa mweupe. Hakuna neno hata moja lililobaki, si la kisima, si la maboga. Mimi nilifundisha kompyuta shuleni, hapa hapa Kampala, mpaka nikazeeka. Lakini kwenye kundi la maombolezo, kati ya mishumaa na mistari ya Biblia, mtu mmoja aliandika mwezi huu: mnamkumbuka Kamusi? Nimemwona Makindye, kwenye duka la dawa la binti yake. Chini yake zikafuata nyuso za kucheka, zile za manjano zenye machozi, kutoka kwa watu ambao sasa wana wajukuu.

Nilikwenda Jumanne. Duka liko upande wa chini wa barabara, safi, lina kioo. Nyuma ya kaunta alisimama mwanamke wa makamo mwenye koti jeupe, na kwenye kiti karibu na mlango aliketi mzee, mikono juu ya magoti. Nywele zote zilikuwa nyeupe. Nilijua ni yeye kabla hajageuka.

"Nikusaidie nini, mama?" Lamaro aliniuliza.

"Nimekuja kumsalimu mzee. Tulifahamiana zamani, Ntinda."

Akamgeukia. "Baba, mnajuana?"

Opio alinitazama. "Hapana," alisema.

"Wakati wa kafe ya intaneti," nikasema.

"Mimi kompyuta sijui."

Lamaro alicheka, kicheko kizuri cha mtu anayempenda baba yake. "Baba? Hata simu ya kugusa hataki. Tukimnunulia anawapa watoto." Alikuwa akitusubiri, akitabasamu, na nikaelewa kwamba hajui, hajawahi kujua, na kwamba mzee huyu alikwenda hadi mwisho wa nchi ili binti yake asijue. Kila nilichokuja nacho kilikuwa mdomoni. Nikaomba dawa ya kichwa.

Nilipotoka aliinuka akanifuata. "Barabara mbaya," alimwambia binti yake. Alitembea kando yangu hadi ukingoni, na magari yakiwa bado yanapita nilimwambia haraka haraka, kwa sauti ya chini, kwamba Kyalo amekufa, kwamba barua zile hazikuwa zangu, kwamba mimi niliandika ukurasa mmoja tu wa mwanzo, na siku ile langoni nilijaribu.

Alisikiliza mpaka mwisho, kama zamani. "Mwanzo wewe. Nyuma yeye," alisema. "Basi niambie. Mimi nilipenda nani?"

Nilifungua mdomo. Alingoja, akanipa muda wa kutosha.

"Usirudi hapa, Sabina," alisema.

Akainua mkono wake wa polisi, kiganja wazi. Bodaboda zikafunga breki, gari la mkaa likasimama, nami nikavuka.